Penseli ya Nyagudi

Nilimpelekea mchoro nyuma ya soko la Kibuye,
karatasi nne za daftari la miraba, nimeziunga kwa selotepu.
Nyagudi akaziinamia, akapima kwa shibiri, akauliza:
"Nani kafariki?"
Maana yeye ni fundi wa majeneza,
na watu hawamjii na vipimo huku wakicheka.

Hakuna, nikamwambia. Hili ni sanduku la spika.
Akaigeuza karatasi. Akaigeuza tena.
"Na hizi kuta za ndani? Hizi kona?
Mbona unamjengea panya nyumba?"

Nikamweleza nilivyoweza.
Kwamba spika ni moja tu, inchi nne, koni ya karatasi,
niliing'oa kwenye redio ya kanisa iliyopigwa na radi,
na hiyo moja itabeba yote, filimbi na ngoma,
sauti ya mtangazaji na kikohozi anachokimeza.
Kwamba kwa mbele inasema,
na kwa mgongo pia inasema,
ila maneno ya mgongoni hupotea bure ukiyaacha hewani.
Tunayakusanya. Tunayapenyeza kwenye koo jembamba,
kisha njia inapanuka, inazidi kupanuka,
mita mbili na nusu mpaka mdomoni.

"Mita mbili na nusu haziingii chumbani kwako."
Ndiyo maana nimeikunja.
"Kama utumbo."
Kama utumbo.
"Aa. Si ungesema hivyo tangu mwanzo."

Waliotutangulia walikirefusha kibuyu, wakakiita abu,
hawakukikunja kwa sababu walikuwa na uwanja.
Mimi nina chumba kimoja Manyatta,
kitanda, jiko, madebe ya maji,
na Akeyo anayeuliza hiyo pembe italala wapi.

Wiki mbili tulikata. Plaiwudi ya milimita kumi na mbili,
masalio ya jeneza la mtu mrefu wa Ahero
ambaye nduguze walighairi, wakataka mahogani.
Nyagudi alichomoa penseli nyuma ya sikio,
akachora, akairudisha, akaichomoa,
kama mtu anayejikuna bila kujua.
Kila mshono tuliulisha gundi, kwani pembe inayovuja
ni kibogoyo anayepiga mluzi:
pumzi nyingi, wimbo hakuna.
Nilipuliza moshi wa sigara ndani, na mimi sivuti.
Ulipotorokea, tukaziba.
Ijumaa jioni tukafunga ubavu wa mwisho
kwa skrubu thelathini na moja. Hakuna kurudi.

Jumamosi. Nyaya mbili, amplifaya isiyozidi kopo la kakao.
Kwanza matangazo ya vifo,
na jina la marehemu likatoka waziwazi,
kana kwamba mtu kaketi pale kwenye ndoo,
hata Akeyo akavuta leso kufunika magoti.
Kisha gitaa la benga, kila uzi na kucha yake.
Kisha besi ikaanza kushuka ngazi,
moja, mbili, tatu, na kwenye ya nne:

krrr.

Nikakaza skrubu. Nikazima, nikawasha. Krrr.
Ngazi nyingine zote safi, ni hiyo tu.
Nikatia sikio mdomoni mwa pembe.
Kitu kidogo, chepesi, cha mbao,
kinatetemeka kwenye mkunjo wa pili.

Jumatatu akaja Nyagudi mwenyewe, anajipapasa sikio.
"Hukuiona penseli yangu?"
Sikumjibu. Nilimpigia wimbo uleule,
tukangoja ngazi ya nne.

Akakaa juu ya ndoo. Hakucheka mara moja.
Nikainua msumeno: nifungue?
Akanishika mkono.
"Mwaka wa kumi na tisa huu nafunga masanduku," akasema,
"na hakuna hata moja lililowahi kunijibu.
Hebu rudisha nyuma kidogo. Hapo kwenye nne."